Kuku wa Mama Agar

Kutoka Butembo hadi Beni, katika basi tulilopanda pamoja, Mama Agar alipakata kikapu ambamo kuku wake mwekundu aliatamia mayai manane. Ugonjwa ulikuwa umewamaliza kuku wake wengine wote.

"Mama, kuku yako iko mupole, lakini mayayi yake iko kadogo," alisema Papa Nassoro, muuza mayai aliyeketi kando yake. "Yangu ya kizungu inataga kila siku." Mama akauliza, "Inajua kulalia?" "Hapana. Lakini na hii barabara, batoto ya yako ndani ya mayayi bamesha kufa."

Katika basi zima, kuku peke yake hakushtushwa na mashimo. Alisinzia. Mama naye akafumba macho, mkono ndani ya manyoya. Nami nikamwombea Mama kimoyomoyo.

Tulipofika Beni, dereva akazima injini. Kikapuni kukasikika mlio mwembamba. Papa Nassoro akainamisha sikio, akasahau kushuka.