Nadhiri ya Bwana Amaro

Basi la kwenda kwenye sikukuu ya Mtakatifu Marta lilijaa pomoni. Hermitas, muuza mishumaa, alikaa nyuma ya Bwana Amaro na hakukosa hata neno. Amaro alikuwa akimweleza mama mmoja, abiria mwenzake, kwamba mtakatifu alimponya moyo, naye akaweka nadhiri ya kubebwa ndani ya jeneza mpaka kanisani kutoa shukrani.

"Ila nilipopona nikala, mama. Sasa nina kilo mia na thelathini, na mashemeji zangu watakaonibeba wananung'unika."

"Mtakatifu alikuponya, baba. Hakukutuma ummalize nguruwe mzima."

"Afya kaileta yeye, na njaa ikaja na afya!"

"Basi tembea nyuma ya jeneza tupu."

"Nyuma ya jeneza langu? Kwani nimekuwa mjane wangu mwenyewe?"

Hermitas aliuma leso asicheke. Kisha akamwona Amaro akifuta macho.

"Niliahidi, mama. Nisipobebwa, nitamtazama kwa uso gani?"

Basi likasimama. Mashemeji wanne walikuwa wakingoja na jeneza, na Amaro alipotoka mlangoni kwa ubavu, mmoja akafanya ishara ya msalaba, mwingine akauliza kama padri angekubali trekta.