Siku Steringi Alipokufa Kerege

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yetu iko juu, mtatuwia radhi. Tunamkumbuka Bi Kibibi Mwaruka wa Kerege, aliyetangulia mbele ya haki Ijumaa iliyopita. Msiba ni msiba, na mioyo inauma. Lakini mama huyu ukimkumbuka kwa kunong'ona, umemkosea!

Bi Kibibi alikuwa mtafsiri wa filamu. Narudia: mwanamke, mtafsiri wa filamu, kwenye kibanda cha video. Wenye umri wenu mnakumbuka. Televisheni moja, deki moja, mabenchi, turubai, na mtu kakaa pembeni na kipaza sauti, anawageuzia Wazungu maneno yao kuwa Kiswahili. Pale Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, mtu huyo alikuwa mumewe, Maulidi. Maulidi akafariki. Bi Kibibi akakaa eda. Alipotoka eda akamwendea shemeji yake Mwinjuma, aliyebaki na kibanda, akamwambia, "Shemeji, kipaza sauti nakitaka mimi."

Mwinjuma alicheka mpaka akashika ukuta. "Kiingereza unakijua?"

"Kwani Maulidi alikijua?"

Hapo shemeji akampa siku moja, Idd Pili, mchana. Akifaulu, kazi yake. Akiharibu, kipaza sauti kinakwenda kwa bwana mmoja wa Chalinze mwenye maneno mengi. Siku moja tu, wasikilizaji wapendwa! Na filamu akachagua Mwinjuma mwenyewe, kwa hila: ile ya zamani ya vita, maarufu, ya majeshi kushuka ufukweni. Alijua mwanamke atakwama.

Bintiye, Batuli, anasimulia: "Mmh! Mama hakuwahi kuiona hata mara moja. Mkanda ulifika siku hiyohiyo. Nilimwona anafunga kanga kiunoni, akaniambia, mwanangu, liwalo na liwe."

Kibanda kikafurika. Walikuja kumcheka, tusifichane. Benchi la mbele kakaa Mzee Abdulrazak, mwanajeshi mstaafu, aliyepigana vita vya Kagera. Mkanda haujaanza, mzee akasimama na kusema wote wasikie: "Vita si ngoma ya mwali! Tutaona."

"Shikamoo, mzee," akajibu Bi Kibibi, kipaza sauti mdomoni. "Kaa basi, unawaziba wenzio."

Watu, kicheko! Filamu ikaanza. Mashua za chuma, bahari imechafuka, askari wamebanana, wengine wanatapika. Bi Kibibi akapata moto. "Wanangu wee, leo mmeamkia upande gani? Mnamwona huyu mwenye masharubu? Huyu ndiye steringi! Mtazameni alivyosimama, kama bwana harusi!" Makofi. Na sheria ya kibanda mnaijua: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Adui atakufa, rafiki wa steringi atakufa, hata farasi atakufa, lakini steringi hafi.

Mlango wa mashua ukaanguka. Steringi akaruka majini. Pa! Kafa. Hata mchanga hajaugusa.

Lo! Kibanda kikachafuka. "Steringi kafa!" "Rudisha hela zetu!" "Mleteni wa Chalinze!" Mwinjuma akainuka, akapita katikati ya mabenchi, mkono ameshaunyoosha kuchukua kipaza sauti. Bi Kibibi akasimamisha deki. Picha ikaganda, yule askari anaelea kifudifudi.

"Kaeni chini!" Sauti ilikwaruza spika. "Mmemwona mtu anakufa, nyie mnadai hela? Kwani huyu hana mama?"

Waliosimama wakaanza kukaa.

"Nimekosea, ndiyo. Nilisema steringi, kumbe ni mtoto wa watu. Basi tumpe jina. Huyu ni Mwinyimkuu wa Fukayosi. Mama yake saa hizi yuko shambani anapalilia mihogo, hajui hili wala lile. Semeni innalillahi."

Jamani! Kibanda kizima kikaitikia: "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Mwinjuma naye akajikuta anaitikia, mkono bado uko hewani.

Deki ikawashwa, na hapo ndipo Bi Kibibi alipowateka. Kila askari akapewa jina, akapewa na kwao. Yule aliyejibanza nyuma ya chuma, Mbwana wa Zinga. Yule anayemburuta mwenzake, Shomvi wa Mlingotini. Watu wakaanza kudai wa kwao! "Askari wa Chalinze yuko wapi?" "Si yule anayekimbia hovyo!" Harish mwenye duka, Mhindi mpole asiyepandisha sauti hata kwa mteja msumbufu, akapanda juu ya benchi: "Mama, na kwetu je? Hakuna askari?"

"Yupo, Harish bhai! Yule mwembamba, Darshan!"

"Darshan, lala chini! Lala chini, baba!" Harish anapiga kelele, machozi yanamtoka. Darshan akatambaa. Risasi huku, mabomu kule. Akatambaa, akatambaa, akafika ukutani! Haki ya Mungu, kibanda kililipuka. Watu walimkumbatia Harish utadhani mwanawe kafaulu mtihani.

Mkanda ukaisha. Hakuna aliyetoka. Mzee Abdulrazak akainuka, na Mwinjuma akamkodolea macho, maana mzee akisema hapana, ni hapana. Mzee akamsogelea Bi Kibibi. Akasema taratibu:

"Mwanangu, mimi niliwaacha wenzangu watatu kule Kagera. Tangu nirudi, hapa hakuna aliyewahi kuwataja kwa sauti. Utanitajia?"

Bi Kibibi hakuuliza mengi, majina yao na kwao tu. Akaigeuza spika ikatazama barabarani. "Kondo Mrisho wa Kiwangwa! Pazi Shomari wa Mapinga! Mbaruku Diwani wa Yombo!" Akarudia, wote watatu. Wapita njia wakasimama, hawajui nani kafa, lakini wakasimama. Mzee Abdulrazak akagongesha visigino, akapiga saluti, machozi yanamwagikia ndevuni. Habari za bwana wa Chalinze zikaishia hapo. Kipaza sauti kikawa cha Bi Kibibi, kikabaki chake mpaka siku kibanda kilipofungwa.

Batuli, Mzee Mwinjuma, ndugu na majirani wote wa Kerege, poleni sana. Mola amrehemu mama yetu, ailaze roho yake mahali pema. Kazi yake mliiona, na sisi tumeisikia.

Na wewe unayetusikiliza, uko jikoni, uko dukani, uko kwenye lori. Yuko mtu wako ambaye siku nyingi hujalitamka jina lake. Mtaje. Mtaje kwa sauti, na kwao utaje. Fundi mitambo, tuzimie muziki. Sisi tunanyamaza, wasikilizaji wapendwa. Semeni nyie.