Dole Gumba kwenye Uzi

Treni ya Farsta ilipotoka kituo cha Gullmarsplan, huko ughaibuni, Dancille alisikia Kiswahili nyuma yake, akaiweka simu mkobani.

"Mzee, nunua rili ya kuzungushia uzi, ile ya kukaa chini ya fimbo ya kuvulia," Mkenya mmoja alikuwa akisihi. "Hiyo ya juu itakutesa. Uzi itajifunga mafundo."

"Kwa chambo cha mpira kikubwa kama ndala? Hiyo ya chini itanimaliza mkono kabla ya saa sita," alijibu mzee, kwa lafudhi ya Rumonge kabisa, mji wa ziwani kwao Dancille. "Tena ya juu, dole gumba linakaa kwenye uzi. Kwetu hatukuwa na rili wala fimbo, ni uzi mkononi tu. Samaki akigusa tu, unamjua kwa kidole."

"Na ukimpata?"

"Namrudisha majini."

Marehemu baba yake Dancille, mvuvi wa Rumonge, angemshusha mzee huyu kituo kinachofuata.

"Sasa unasumbukia nini?"

"Miaka ishirini na mbili niko hapa, bwana mdogo. Nataka kitu kinivute mkono tena."

Farsta wakashuka, bado wanabishana. Dancille alibaki amekaza dole gumba kwenye mkanda wa mkoba, kama anayezuia uzi usiende.