Mafuta ya Kwanza ya Lusangi

Wamama na wababa wa kikundi chetu cha akiba, wa musikiti na wa kanisa, nawasalimu. Mumeniomba niseme namna nilianguka na namna nilisimama. Majina sitataja, maana Kasongo ni ndogo na sisi wote tunakutana sokoni.

Kazi yangu ni kukamua mawese, kule Lusangi. Tangu bwana yangu afariki, mawese ndiyo yanalisha watoto wangu na kuwasomesha. Bidoni za mafuta zilikuwa zinakuja hapa kwa baiskeli, na wateja walikuwa wananingoja.

Kisha ikapita ile audio. Munaikumbuka, musijifanye. Sauti ya mwanaume, ametulia kama mutu wa radio: musinunue mafuta ya Lusangi, wanatia rangi, watu wameanza kuugua. Hakusema nani ameugua, wala wapi. Ikatoka simu hii ikaingia ile, mpaka Wamaza, kule mutu anafika kwa pikipiki au kwa miguu. Audio haikuhitaji pikipiki.

Siku ya soko nikapanga bidoni zangu. Mama mumoja, muteja wangu wa siku zote, akanisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akanunua kwa jirani yangu. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo iliniumiza kuliko matusi. Nikarudi na mafuta yote. Watoto wakafukuzwa shule kwa kukosa ada. Nikaapa simu haitaingia tena nyumbani mwangu, na wamama wenzangu nikawaambia watupe zao mutoni.

Dada mumoja mwenye kibanda cha kuchaji simu akanisikia nikifoka. Akaniuliza, "Mama, mafuta mapya yakitoka, wewe unayafanya nini?"

"Nayakula," nikamujibu. "Nani hajui?"

Maana kwetu mafuta ya kwanza hayauzwi. Mwenye kukamua anayamwaga juu ya bugali ya moto, anakula yeye na watoto wake, majirani wakiona. Ndipo wengine wanachota.

"Watu wa Kasongo hawajui," akasema. "Wanaona bidoni tu. Bugali yako hawajaiona."

Nilikuwa nimekasirikia simu, kumbe mutu ndiye alisema, na mimi sikumujibu.

Kesho yake akaja kutuchukua video: ngazi, yale matunda ya mawese, zikichemka, wamama wakitwanga, mafuta yakitoka, mimi nikila. Mutoto wangu wa mwisho alijipaka mafuta mpaka masikioni. Nikataka tufute hapo, dada akakataa. Nikasema kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu: mwenye mashaka aje, sufuria iko. Tukapanda kilima penye rezo ya simu, tukatuma katika makundi yote ile audio ilipita.

Kwanza, kimya. Mumoja akaandika kwamba naigiza. Nikarekodi tena, na tena, kila nilipokamua. Ningeachaje, na watoto wanakaa nyumbani wakiniangalia?

Kisha yule mama, muteja wangu, akapanda pikipiki akaja Lusangi bila kutangaza. Hakuomba samahani. Akakaa, akakata bugali, akachovya, akatoa simu yake akajirekodi mwenyewe. Tangu hapo wateja wakarudi. Leo hata watu wa Kindu wanaagiza kwa simu, na watoto wangu wako darasani.

Namushukuru dada wa kibanda. Namushukuru mama yule. Nawashukuru ninyi, mulionishika mukono wakati sufuria yangu ilikuwa tupu. Watu wanasema nchi itaendelea siku rezo itafika kila kijiji. Ni kweli, na mimi naitaka hata kesho, nimechoka kupanda kile kilima. Lakini rezo inabeba kila kitu tunachoipa. Mbele ya kutuma neno juu ya kazi ya mutu, muulize yeye kwanza. Na wewe mwenye kazi, usiwaachie wengine wakusemee.

Sasa toeni simu zenu. Ile audio iliwafikia wote, na hakuna aliyenipigia kuniuliza. Hasira imeisha. Bidoni ile pale ni mafuta ya kwanza ya jana, na bugali iko moto bado. Rekodini, mutume kule kote ile ilifika. Mimi ndiye nakula wa kwanza.