Kisanduku Kisicho na Tundu la Kaseti

Mtaani Nguvumali mtu hanunui hata kandambili mpaka kijiwe kiseme. Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na tisa, siku tatu kabla ya Idd ya kuchinja, Tadeo hakukipeleka kisanduku moja kwa moja bandani kwake. Alikipitisha kwanza kwenye benchi la ubavuni mwa duka la ushirika, lile lililofungwa tangu miaka ya foleni, akakiweka katikati ya vikombe vya kahawa kama mshenga aliyeleta posa. Banda lake la gemu lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, na lilikuwa linakufa, masikini. Kaseti zilikuwa zimechoka. Ile moja ya mpira iliyobaki haikuwaka mpaka ipulizwe mara tatu na kuombewa, na watoto wa Idd wenye vihela vyao hawangoji maombi. Idd ikipita hivi, Tadeo alijua, banda ni la kufunga.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kompyuta, bapa, si kikubwa kuliko boksi la biskuti. Murtaza wa duka la umeme alikiunga kwa mikono yake, kwa vipande vilivyoingia kupitia mpaka wa Horohoro. "Kaa nacho mpaka alasiri," alimwambia Tadeo. "Kichomeke kwenye televisheni, kijaribu. Ukikipenda nipe baiskeli yako, tumemalizana."

— Tundu la kaseti liko wapi? aliuliza Mselem. Walimwita Forodha, kwa sababu zamani alifagia ofisi ya forodha, na tangu hapo hakuna mzigo asioutilia shaka.

— Hakina, alisema Tadeo. Michezo yote imo humo ndani. Murtaza asema kuna programu, ikianza tu kompyuta inajifanya mashine ya gemu.

— Inajifanya! Yakhe, umesikia mwenyewe ulivyosema? Mtu akijifanya askari anafungwa. Akijifanya daktari anafungwa. Hiki kikijifanya unakipa baiskeli!

Benchi likacheka. Tadeo akacheka nalo.

Eliudi akakivuta kisanduku mapajani. Huyu ndiye Fundi Moshi, mtengeneza redio. Ukimpelekea redio bubu, unarudishiwa inayofuka.

— Chepesi mno, akasema. Mashine ya haki ina uzito. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu kaziba ufa wa kaseti, sasa anajenga ukuta.

— Ukuta gani? aliuliza Msafiri, muuza kahawa, huku akimimina.

— Ukuta tu. Wewe mimina.

— Na vile vya kushika mkononi mnachomeka wapi? aliuliza Forodha.

Tadeo akageuza kisanduku, akawaonyesha. Murtaza alizikata nyaya za vishikio vya mashine ya zamani akaziunga kwenye plagi ya tundu la printa. Tadeo alikuwa ameiona kazi ile asubuhi, safi, kila waya na rangi yake, na moyo wake ulikuwa umependa.

— Tundu la printa! Fundi Moshi aliruka. Kwa hiyo kinachapa!

— Kinachapa nini? aliuliza Msafiri.

— Jiulize. Soko huria, kila mtu na lake. Noti hazichapwi kwa mate.

— Toba, alisema Msafiri.

— Mimi sisemi noti, alisema Forodha kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. Mimi nasema kitu kimoja. Mwaka themanini na tatu, kwa macho haya, niliona jeneza limejaa sabuni za miche. Watu wanalia nyuma, sabuni zinakwenda. Tangu siku ile sikiamini kisanduku. Na kompyuta zote, redio imesema, zinakufa mwaka elfu mbili unapoingia. Murtaza anajua. Anatafuta mtu wa kumzikia maiti.

— Ngoja nikifungue, alisema Fundi Moshi, bisibisi mkononi.

— Hapana! Tadeo alikinyakua. Nimekiazima. Basi nikakijaribu tu, dakika mbili...

— Ukijaribu umenunua, alisema Forodha. Ndivyo wanavyowaingiza watu mjini. Mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kimekufuata, hukukifuata.

Tadeo akakaa. Kusema kweli ni yeye aliyekifuata, mara nne, akisimama mlangoni kwa Murtaza kama mdai. Lakini alikuwa mtoto wa kambi ya mkonge, wao walikuwa watu wa mji, na aliona haya kuonekana mjinga. Haya ile ilimkera, na bado alikaa.

Forodha akanyanyuka, akajipangusa kanzu.

— Hebu n'pe baiskeli yako mara moja, nikamtazame mgonjwa Pongwe. Na hicho kirudishe.

Akaipanda, akaondoka. Mazungumzo yakaendelea bila yeye, yakazidi kuota mapembe. Mpaka adhana ya alasiri inaadhiniwa, Fundi Moshi alishathibitisha kwamba ndani yake mna jini wa Kijapani anayekula vidole vya watoto, kimoja kimoja, ndiyo maana vishikio vina vitufe vingi.

Hapo akatokea Batool, mdogo wake Murtaza, mtandio umemteleza kwa kuharakisha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Kaka kanituma nichukue kompyuta. Imeshapata mtu, kalipa taslimu. Anaitaka kabla ya Idd, anafungua chumba cha gemu kule karibu na msikiti.

— Nani? Tadeo alisimama.

— Mzee Mselem. Alikuja na baiskeli yako, tukajua umemtuma. Kasema hapa mmeikataa.

Msafiri akainamisha dele; likatoa tone moja na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Batool akakikumbatia kisanduku, akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja.

— Kaka Murtaza ataniuliza, maana huwa anarekebisha. Ulipoiwasha, kasoro ilikuwa wapi?

Fundi Moshi alichunguza bisibisi yake. Waya wa umeme ulikuwa bado umekunjwa nyuma ya kisanduku, umefungwa kwa mpira ule ule aliouvisha Murtaza asubuhi.