Kuku wa Msiba wa Mama Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Mikumi nanyi mliotoka Vidunda na Kidodi, mimi ni Gabrieli Onesphory, mdogo wake marehemu, familia imeniomba nisome historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mngependa niparuke.

Kaka yetu Melkizedek Onesphory alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Vidunda, mtoto wa kwanza wa mzee Onesphory na mama Domina, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1952 akaajiriwa jikoni kwenye shamba la mkonge Kimamba. Tarehe 6 Septemba 1958 alifunga ndoa na Costancia, wakajaliwa watoto watatu, mkubwa wao ni Fausta.

Mwaka 1971 alipata kazi ya upishi katika kambi ya Wachina waliojenga reli, upande wa Kidatu, akakaa nao miaka minne, akajifunza kwa Mzee Liu wa jimbo la Sichuan, ambaye mboga isiyo na pilipili hakuiita mboga, na kwa Bwana Chan wa jimbo la Guangdong, aliyepika samaki kwa mvuke na tangawizi, na kusema pilipili ni ya kufichia samaki aliyeoza, huku vijana wa kaskazini ya China wakikataa hata wali, wakitaka mikate yao ya ngano. Walinuniana juu ya jiko moja, na kaka alirudi akicheka, akisema, "Kumbe nao wana Wavidunda wao na Wasagara wao." Ninyi mliosema Mchina ni mmoja na kitoweo chake ni mbwa, mlikaa naye lini?

Mama yetu alifariki tarehe 2 Februari 1976, katika kijiji cha ujamaa tulikohamishiwa, mavuno bado, kuku ni sita na watu wamejaa uwanja, basi kaka akawakata kuku hao vipande vidogo pamoja na mifupa, kama alivyofundishwa na Bwana Chan, ili kila mmoja apate. Mkatafuta paja hamkuliona, mkatafuta firigisi ya kumpa mkubwa hamkuiona, mkaamua kuwa nyama ile ni ya kenge, mkamwaga chakula cha msiba wa mama yetu mbele ya mwanawe, na hakuna aliyerudi kuomba radhi. Iliniuma, na inaniuma.

Tangu siku hiyo hakuitwa kupika kwenye msiba wowote, ingawa alipofungua mgahawa hapa Mikumi mwaka 1978, mlikuwa mkishuka kwenye basi mnaingia kwake, mnalamba vidole, kisha mkifika kijijini mnamwita mla kenge.

Mwezi Mei mwaka huu wa 1984 alianza kuugua figo, akalazwa Kilosa, akafariki tarehe 9 Agosti, akiwa amemwachia Fausta neno moja, "Msiba wangu upike wewe, na ukate vidogo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, wenzake wa mgahawani, na madereva wa malori waliomleta nyumbani.

Tangu asubuhi mnanong'ona mkiulizana ni nani yuko jikoni. Ni Fausta, amekata vidogo, na sufuria ni ile ile ya msiba wa mama, anayetafuta paja akalitafute kwake. Kaka, leo hakimwagwi kitu, pumzika kwa amani.