Mrija wa Mama

Kabla basi halijafika hospitali, fundi bomba aliyekaa kiti cha nyuma alikuwa ameshajua habari zote za wale ndugu wawili mbele yake. Mama yao aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na jana akapasuliwa. Sasa walikuwa wanabishania mrija uliotoka kwenye kidonda chake hadi kwenye chupa.

"Bibi wa kitanda cha pili kapasuliwa hivyohivyo na hana mrija," kaka mtu alisema. "Kwa nini mama tu anyonywe damu?"

"Si ungemuuliza daktari?"

"Nimuulize saa ngapi? Wanapita kama wanafukuzwa. Nimeukunja, nikaufunga uzi, yakaisha."

Dada mtu aligeuka mzimamzima. "Umefanya nini?"

"Chini ya shuka, hakuna aliyeona. Damu ya mtu mzima yule si ya kuchezea."

Fundi bomba alikohoa bila kikohozi. Katika kazi yake, ukiziba njia ya maji, kesho unaitwa kubomoa ukuta. Lakini hakuna aliyemuuliza.

"Tangu asubuhi umefungwa?"

"Ndiyo, na nimemwacha amelala vizuri tu."

"Amelala au amezimia?" Dada alikuwa ameshasimama. "Namwambia nesi."

"Mwambie umejikunja wenyewe. Watanifukuza wodini, dada, na mama hakubali kulishwa na mwingine."

"Na uzi je, nao umejifunga wenyewe?"

Basi likasimama langoni. Dada alishuka mbio, kiatu kimoja kikimvuka. Kaka alibaki kitini, na kondakta akamuuliza mara mbili kama anashuka.